Pua ya Mzazi Haitoshi Tena: Bangi ya Mvuke na Vijana wa Karatu na Ngorongoro

Mzazi wa Karatu anayeshuku kwamba mwanawe anavuta bangi hunusa nguo, hutazama macho, hupekua mifuko akitafuta karatasi ya msokoto. Mwalimu wa zamu hufanya hivyohivyo nyuma ya vyoo vya shule, na mgambo hufanya hivyo kijiweni. Ulinzi wetu dhidi ya bangi umejengwa juu ya moshi na harufu yake. Lakini katika miaka kumi hivi iliyopita, nchi nyingi zimeona vijana wakihamia njia nyingine: mafuta yaliyokamuliwa kutoka kwenye bangi hupashwa moto kwa betri ndani ya kifaa chenye ukubwa wa kalamu, kisha huvutwa kama mvuke. Harufu yake ni hafifu na hupotea upesi. Kifaa hufichika kiganjani, na anayetazama hawezi kujua kama ndani mna ladha ya embe tu, nikotini au bangi.

Ni mambo gani humfikisha kijana kwenye bangi ya namna hiyo, na mangapi kati yake yapo tayari hapa kwetu, kuanzia Karatu mjini hadi Loliondo wilayani Ngorongoro? Jibu langu ni kwamba karibu yote yapo. Kifaa ni kipya, lakini njia ya kukifikia ni ileile inayompeleka kijana kwenye msokoto, gongo na shisha. Anayetaka kuwalinda vijana wa wilaya hizi hana budi kuanza na njia hiyo, na sehemu yake kubwa hupita katika saa ambazo hakuna mtu mzima anayejua kijana yuko wapi.

Kifaa na kilichomo

Sigara ya kielektroniki, ambayo vijana wengi huiita vepu, ilibuniwa mwaka 2003 na mfamasia wa China, Hon Lik, kwa lengo la kuwasaidia wavutaji wa sigara. Mwaka huohuo Tanzania ilitunga Sheria ya Bidhaa za Tumbaku, inayokataza kumuuzia tumbaku mtu aliye chini ya miaka 18. Watunga sheria walikuwa wakifikiria sigara ya pakiti na ugoro. Kifaa kinachovukiza kimiminika hakikuwa kwenye ramani yao.

Bangi iliingia katika kifaa hicho baadaye, na nchini Marekani ilienea kwa kasi ya kutisha. Utafiti wa kitaifa unaofanywa kila mwaka miongoni mwa wanafunzi wa huko ulionyesha kwamba mwaka 2017 asilimia 9.5 ya wanafunzi wa darasa la kumi na mbili, wenye umri wa miaka 17 na 18, walikuwa wamevuta bangi kwa mvuke katika miezi 12 iliyotangulia. Mwaka 2019 walikuwa asilimia 20.8. Miaka miwili tu ilitosha kwa idadi hiyo kuongezeka zaidi ya maradufu, katika nchi yenye maabara, polisi na walimu wengi kuliko sisi.

Kilichomo ndani kinastahili hofu kuliko kifaa chenyewe. Kemikali ya bangi inayolewesha huitwa THC. Katika majani na maua ya bangi ya kawaida kiwango chake huwa asilimia chache, na hata katika aina zilizoboreshwa sana, kama ile inayojulikana kwa jina la skanka, bado huwa ni sehemu ndogo ya uzito. Mafuta ya bangi yanayowekwa katika vifaa hivi yanaweza kuwa na asilimia 60 hadi 90. Aliyezoea msokoto anajua takriban mivuto mingapi itamlewesha. Mwenye kifaa hana kipimo, kwa sababu nguvu ya mafuta hayo hutofautiana na ni kubwa kuliko ya msokoto.

Tena mara nyingi hajui ananunua nini. Mwaka 2019 Marekani ilipata mlipuko wa ugonjwa wa mapafu uliowalaza hospitalini vijana waliokuwa wazima wa afya. Hadi Februari 2020 wagonjwa waliolazwa au kufa walikuwa 2,807, na 68 kati yao walifariki. Uchunguzi uliyaelekezea kidole mafuta ya vitamini E, ambayo wauzaji wa mitaani waliyachanganya kwenye mafuta ya bangi ili yaonekane mazito. Huko Uingereza, watafiti wa Chuo Kikuu cha Bath walipima vepu 596 zilizonyang'anywa wanafunzi katika shule 38, na mwaka 2024 wakatangaza kwamba moja kati ya sita ilikuwa na bangi bandia ya maabara, kemikali iitwayo spaisi, ambayo ni hatari kuliko bangi yenyewe. Wapo waliodhani wamenunua mafuta ya bangi ya kawaida.

Ubongo unaojengwa

Wapo wazee wenye busara wanaosema bangi ilikuwepo tangu zamani na watu hawakufa. Ni kweli kwamba mtu mzima anaweza kuvuta kwa miaka na kuendelea na shughuli zake. Kwa kijana wa miaka 14 hali ni nyingine, kwa sababu ubongo wa binadamu huendelea kujengwa hadi miaka ya ishirini na kitu, na sehemu inayokamilika mwisho ni ile ya kupima matokeo na kujizuia.

Nchini Sweden, vijana 45,570 walioingia jeshini walifuatiliwa kwa miaka 15. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 1987 yalionyesha kwamba waliokuwa wamevuta bangi zaidi ya mara 50 kufikia umri wa miaka 18 walipata ugonjwa wa akili wa skizofrenia kwa kiwango mara sita ya wale ambao hawakuvuta kabisa. Wanasayansi wameendelea kubishana kuhusu kiasi gani cha tofauti hiyo kinasababishwa na bangi yenyewe, lakini tafiti zilizofuata zimeelekea upande uleule: kadiri mtu anavyoanza mapema na kadiri THC inavyokuwa kali, ndivyo hatari inavyopanda. Kuhusu utegemezi, makadirio yanayotumika sana ni kwamba mvutaji mmoja kati ya kumi hunaswa, na kwa wanaoanza wakiwa vijana ni mmoja kati ya sita.

Kijana anayesikia kwamba Canada ilihalalisha bangi Oktoba 2018, na kwamba Mahakama ya Katiba ya Afrika Kusini iliruhusu matumizi ya faragha mwaka huohuo, anapaswa kuelezwa na nusu ya pili ya habari. Ruhusa hizo zilitolewa kwa watu wazima. Hakuna hata moja kati ya nchi hizo iliyomruhusu mtoto wa shule.

Yanayomsukuma kijana

Tafiti za nchi mbalimbali zinaporodhesha yanayoambatana na bangi ya mvuke, hurudia mambo yaleyale: marafiki wanaotumia, urahisi wa kuipata, imani kwamba haina madhara, kuanza na nikotini au pombe, huzuni na msongo, na mzazi asiyejua mwanawe alipo. Nayatazama jinsi yanavyojitokeza kwenye ardhi yetu.

Urahisi wa kuipata hauhitaji ushahidi mrefu. Mkoa wa Arusha umekuwa ukitajwa kwa miaka mingi miongoni mwa mikoa inayolima bangi nchini. Mwaka 2023 Mamlaka ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya iliteketeza mashamba makubwa katika eneo la Kisimiri Juu, Arumeru. Mwaka huohuo Mamlaka ilitoa tahadhari kuhusu biskuti zilizochanganywa na bangi. Biskuti hizo zinatuambia jambo: wauzaji wa hapa nchini wamekwishaanza kuitoa bangi kwenye moshi na kuitia ndani ya vitu ambavyo mwalimu hawezi kuvishuku. Kutoka biskuti hadi kichupa cha mafuta si safari ndefu. Karatu iko kilomita 140 hivi kutoka Arusha mjini kwa barabara ya lami, na katika barabara hiyo hupita magari ya watalii kutoka kila pembe ya dunia, wakiwemo wanaotoka katika majiji ambako kifaa hiki huuzwa dukani. Upande wa pili wa mpaka wa Namanga, utafiti wa kitaifa wa Kenya wa mwaka 2022 ulikadiria watumiaji wa bangi 518,807 wenye umri wa miaka 15 hadi 65, karibu mara mbili ya kiwango cha mwaka 2017.

Jambo la pili ni fedha ya mkononi bila mlezi. Karatu ni mji wa utalii na kilimo. Kijana anaweza kuosha magari ya watalii, kuuza vinyago, kupakia vitunguu Mang'ola au kuendesha bodaboda ya kaka yake, akapata jioni ileile fedha ambayo mama yake hakuipata wiki nzima. Kazi yenyewe si dhambi, na familia nyingi huishi kwayo. Tatizo ni msimu. Magari hujaa kuanzia Juni hadi Oktoba, kisha mvua za Aprili na Mei huuacha mji ukisubiri. Vijana waliozoea fedha ya haraka hubaki vijiweni wakiwa na muda mwingi na watu wazima wachache, na kijiwe kina mtaala wake.

La tatu, ambalo naliona zito kuliko yote, ni geto. Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Sekondari ulioanza mwaka 2004 uliziletea kata nyingi shule ya sekondari, na elimu bila ada kuanzia mwaka 2016 ikaongeza wanafunzi. Mabweni hayakuongezeka kwa kasi hiyo. Katika wilaya zenye umbali kama Karatu na hasa Ngorongoro, mtoto anayetoka kijiji cha mbali hupangishiwa chumba karibu na shule, peke yake au na wenzake wawili watatu. Ana miaka 14. Anajipikia, anajiamsha, anajilaza. Mzazi humwona mwisho wa mwezi anapoleta unga na maharage. Kuanzia kengele ya saa tisa na nusu mchana hadi asubuhi ya pili, hakuna mtu mzima aliye na jukumu naye. Ungetaka kupanga mazingira ya kumkutanisha mtoto na msokoto, vepu au mwanamume wa kumharibia maisha, usingeweza kupanga vizuri zaidi ya hapo.

Linaloambatana na hilo ni kutawanyika kwa familia. Vijana wengi wa Kimaasai, na baba wengi pia, wamekwenda Arusha, Dar es Salaam na Zanzibar kufanya kazi ya ulinzi. Ukame wa mwaka 2021 na 2022 uliua mifugo kwa wingi kaskazini mwa nchi, na kijana aliyetarajia ng'ombe alibaki bila urithi. Tangu Juni 2022 familia kutoka Hifadhi ya Ngorongoro zimekuwa zikihamia Msomera, Handeni. Mtu anaweza kuwa na msimamo wowote kuhusu uhamisho huo, lakini mtoto anayeacha shule, rafiki na bibi yake kwa mpigo mmoja anabeba uzito, na uzito usio na pa kutuliwa ni miongoni mwa mambo yanayowasogeza vijana kwenye ulevi popote duniani.

La mwisho ni imani. Utafiti ule wa Marekani, ambao umekuwa ukifanyika tangu mwaka 1975, umeonyesha mara kwa mara kwamba pale vijana wanapoanza kuamini kuwa bangi haina hatari, matumizi hupanda. Kwetu imani hizo ni nyingi: kwamba inaongeza nguvu za kulima, inafungua akili ya kusoma, inaondoa baridi ya nyanda za juu, ni mmea tu. Vepu inaongeza moja juu yake: kwamba mvuke si moshi, kwa hiyo hauumizi. Vijana huipata imani hiyo kwenye simu, katika video za watu wanaochezea mvuke wenye ladha ya matunda.

Hapa sina budi kuwataja Wahadzabe wa bonde la Eyasi, kwa sababu wanatajwa vibaya. Wapo Wahadzabe watu wazima wanaovuta bangi kwa kiko cha jiwe, na watalii hupelekwa kuwatazama na kuwapiga picha. Jamii hiyo haihusiki na mwanafunzi wa Karatu kuvuta. Lakini kijana wa mjini anayekwenda na watalii hao kama msaidizi wa mwongozaji hurudi na funzo kwamba bangi ni kivutio kinacholipiwa kwa dola. Kampuni za utalii zinaweza kulifuta funzo hilo kwa uamuzi mmoja: bangi isiwe sehemu ya ziara, na kijana chini ya miaka 18 asipelekwe.

Majibu tuliyonayo

Serikali haijalala. Sheria ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya ya mwaka 2015 inatoa kifungo cha miaka 30 kwa anayelima bangi. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inakataza kumuuzia mtoto sigara, pombe au dawa za kulevya. Mwaka 2016 shisha ilipigwa marufuku, na Machi 1, 2017 ikafuata pombe ya viroba.

Viroba vinafaa kukumbukwa, kwa sababu ni mfano wetu wenyewe wa namna umbo la kilevi linavyoamua nani atakitumia. Pombe kali ilikuwepo siku zote. Ilipotiwa katika mfuko mdogo wa bei ya chini unaoingia kwenye soksi, ikawafikia wanafunzi na madereva wa bodaboda kwa namna ambayo chupa haikuweza. Walioagiza vifuko hivyo vikomeshwe hawakusubiri takwimu za vizazi viwili. Sigara ya kielektroniki inastahili uamuzi wa aina hiyo. Uganda iliipiga marufuku katika Sheria ya Udhibiti wa Tumbaku ya mwaka 2015. Desemba 2023 Shirika la Afya Duniani lilitangaza kwamba nchi 34 zimekataza uuzaji wake, ilhali nchi 88 hazina hata umri wa chini wa mnunuzi.

Udhaifu wetu uko katika tunachomfanyia kijana aliyekwisha kuvuta. Kanuni za mwaka 2002 zinaruhusu mwanafunzi afukuzwe shule kwa makosa kama matumizi ya dawa za kulevya. Desturi hutangulia na viboko mstarini, kisha barua, kisha mtoto anarudi kijiweni kwa saa 24 badala ya saa nne. Tafiti za vijana na ulevi zinakubaliana kwamba kushikamana na shule ni miongoni mwa kinga imara kabisa. Tunapomfukuza, tunaivunja kinga hiyo kwa mikono yetu na kumkabidhi kwa muuzaji. Taifa limeshawahi kubadili mawazo kuhusu jambo linalofanana na hili: Novemba 2021 lilifungua mlango kwa wasichana waliokatizwa masomo kwa ujauzito kurudi shuleni. Mvulana aliyekutwa na bangi anahitaji mlango wa aina hiyo, pamoja na mshauri, mzazi na mpango wa miezi kadhaa. Methadoni inayotolewa Muhimbili tangu mwaka 2011 ni kwa watumiaji wa heroini. Kwa bangi, tiba iliyopo ni mazungumzo ya kitaalamu yanayomhusisha kijana na familia, na mazungumzo hayawezi kufanyika na mtoto ambaye hatujui ameishia wapi.

Nchi ya baridi na desturi ya hapa

Iceland, nchi ya watu wasiofika laki nne, ilikuwa mwaka 1998 na asilimia 42 ya vijana wa miaka 15 na 16 waliolewa katika mwezi uliotangulia. Asilimia 17 walikuwa wamewahi kuvuta bangi. Mwaka 2016 idadi hizo zilikuwa asilimia 5 na asilimia 7. Hawakufanya hivyo kwa mabango ya kutisha. Waliweka saa ambazo mtoto haruhusiwi kuwa nje usiku, wazazi wa darasa moja wakawekeana ahadi ya kutoruhusu sherehe zisizo na mtu mzima, na halmashauri zikalipia michezo na muziki baada ya masomo. Kila mwaka waliwauliza vijana wenyewe hali ikoje, kisha kila shule ikapewa majibu yake.

Mtu anaweza kusema tuache ya Ulaya, nao wana fedha. Lakini kiini cha mpango huo hakikuwa kigeni kwa Ngorongoro. Katika desturi ya Kimaasai pombe ya asali ilikuwa ya wazee, na morani alikatazwa. Rika lilimlinda mtu wa rika, na mzee yeyote aliyemkuta kijana wa boma lolote alikuwa na haki ya kumuuliza anakwenda wapi. Kilevi kilikuwa na umri wake, na kijana alikuwa na macho mengi juu yake. Iceland ilijenga upya kwa bajeti kile ambacho jamii nyingi za hapa zilikuwa nacho kwa mila. Mkono mmoja haulei mwana, na mtoto wa geto hana hata mmoja.

Cha kufanya

Halmashauri mbili za Karatu na Ngorongoro zianze na orodha. Kila mkuu wa sekondari awe na daftari la wanafunzi waliopanga mtaani, chumba cha nani, na jina la mtu mzima mmoja wa jirani aliyekubali mbele ya mzazi kuwa mlezi wao jioni. Kazi hiyo haihitaji mfadhili. Mwenyekiti wa kitongoji, mwenye nyumba na kamati ya shule wanatosha. Mabweni yajengwe kwanza pale ambapo daftari hilo ni refu, na sehemu ya fedha ya utalii inayobaki wilayani ielekezwe huko kabla ya majengo mengine.

Saa za mchana hadi jioni zipewe shughuli. Viwanja vya mpira vipo, walimu wa michezo wapo, na wilaya hizi zimezungukwa na watu waliozoea kupanda na kukimbia. Makanisa na misikiti, ambayo hapa yana nguvu kuliko ofisi nyingi, yawakusanye vijana jioni za katikati ya wiki badala ya kuwasubiri Ijumaa na Jumapili.

Shule zifundishe ukweli kamili kuhusu mvuke: THC ni nini, kwa nini kichupa kisichojulikana kinaweza kuua mapafu, kwa nini miaka 14 si 40. Vijana hawa wana simu, na uongo mmoja tukiwaambia watautafuta na kutudharau kwa yote. Mwalimu wa malezi apewe mafunzo ya kuzungumza na mtoto aliyenaswa, na bodi ya shule ikubali kwamba kosa la kwanza la kuvuta halimfukuzi mtu. Muuzaji ashughulikiwe na polisi na Mamlaka bila huruma. Mtoto mwenye hofu awe na namba ya kupiga bila kujitaja, nayo ipo: huduma ya simu kwa mtoto, 116.

Bunge nalo lifungue ile sheria ya mwaka 2003 na kuitaja sigara ya kielektroniki waziwazi, kifaa na kimiminika chake, kabla biashara yake haijapata mizizi na watetezi.

Hatua ya orodha inaweza kufanyika muhula ujao. Mkuu wa shule atakayeanza kesho asubuhi kuandika majina ya watoto wanaolala peke yao ndani ya kilomita mbili za shule yake atakuwa amefanya zaidi dhidi ya bangi, ya msokoto na ya mvuke, kuliko upekuzi wa mabegi wa mwaka mzima.